Kesi ya kompyuta tulivu inayopozwa kwa maji: ipi ununue ukiwa Tanga

Chumba changu cha kurekodia kiko Ngamiani, na kompyuta imekaa mita moja na nusu kutoka kwenye maikrofoni. Sina chumba cha pili cha kuificha. Wanaokuja ni waimbaji wa kaswida, akina mama wa taarabu, na wazee wenye mashairi yao kwenye madaftari. Siku moja bibi mmoja kutoka Mzingani alivaa hedifoni, akasikiliza kidogo, kisha akanigeukia. "Mwanangu, mbona mvua yanyesha na jua li wazi nje?" Nikamwambia, "Si mvua bibi, ni mashine." Akaitazama kompyuta. "Basi inyamazishe kwanza, ndipo nisome."

Kesi, yaani boksi la bati linalobeba vifaa vyote vya kompyuta, niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa ya zile zinazosifiwa kwa ukimya: mlango mzito mbele, sponji nyeusi kila ubavu, juu imezibwa. Katika chumba cha nyuzi 20 kesi ya namna ile hutulia kweli. Hapa kwetu, kabla ya kurekodi nafunga dirisha, nazima kiyoyozi na feni ya dari, na ndani tunabaki watu watatu tunapumua. Wakati wa kaskazi, nusu saa baadaye kipimajoto changu cha ukutani kinasoma nyuzi 32. Yaani dakika zile zile ninazotaka kompyuta inyamaze ndizo chumba kimepamba moto kuliko saa nyingine yoyote. Feni zikikosa hewa huongeza mwendo, na hakuna sponji itakayomeza sauti ya feni inayokimbia nyuma ya mlango uliofungwa.

Ndiyo maana sipangi kesi hizi kwa unene wa sponji. Naangalia kwanza kesi inabeba rejeta kubwa kiasi gani, yaani kile kipoozaji ambamo maji yaliyobeba joto la kompyuta hupita na kupozwa na feni, na hewa inaifikia rejeta hiyo bila kusumbuka kiasi gani. Sponji inafuata baadaye, tena mbali.

Hesabu yake ni hii. Feni ikipunguzwa mwendo nusu, tuseme kutoka mizunguko 1,200 kwa dakika hadi 600, kelele yake hushuka kama desibeli 15. Ukiongeza feni zinazofanana mara mbili, kelele hupanda desibeli 3 tu. Kwa hiyo kutoka feni mbili hadi sita unaongeza karibu desibeli 5, lakini ukiweza kuzishusha zote hadi nusu ya mwendo unaondoa 15. Unabaki na faida ya desibeli 10, na kwa sikio la kawaida hiyo ni kelele iliyokatika nusu. Feni nyingi zinazojivuta pole pole ni bora kuliko chache zinazokimbia, na feni nyingi zinahitaji rejeta pana ya kuzibeba.

Majina ya rejeta yanatokana na feni zake. Ya 240 ni feni mbili za milimita 120, ya 280 ni mbili za 140, ya 360 ni tatu za 120, na ya 420 ni tatu za 140. Ukipima eneo, 240 ina sentimita za mraba 288, 280 ina 392, 360 ina 432, na 420 ina 588. Utaona 280 haiko mbali na 360, jambo ambalo wauzaji wengi hawakuambii. Kadirio langu kwa anayetaka utulivu ni milimita 120 za rejeta kwa kila wati 100. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya wati 90 hivi pamoja na kadi ya picha ya RTX 4070, ambayo ni ya wati 200, zinadai 360 kwa uchache zote mbili zikipozwa kwa maji. Kwa joto la pwani mimi ningeweka rejeta mbili, maana maji hayawezi kushuka chini ya joto la hewa inayoyapoza. Mfumo uliopangwa vizuri huyaweka maji kama nyuzi 10 juu ya chumba. Chumba kikiwa 32, maji ni 42, na feni hazijaanza hata kulalamika. Kesi iliyozibwa hukuongezea nyuzi nyingine juu ya hizo.

Watu huniuliza kama unyevu wa bahari hautatoa matone kwenye mabomba, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Hautatoa. Matone huja pale kitu kinapokuwa baridi kuliko hewa, na maji haya siku zote yana joto kuliko chumba.

Sasa kesi zenyewe.

Ya kwanza kwangu ni Silent Base 802 ya be quiet!, kampuni ya Ujerumani. Ndiyo niliyo nayo leo. Inakuja na paneli mbili za mbele na mbili za juu, jozi moja imezibwa na ina sponji, jozi nyingine ni ya wavu, na kubadilisha hakuhitaji fundi. Kaskazi ikianza Desemba naweka wavu mbele na juu. Juni na Julai, kusi likishika na usiku ukapoa, narudisha iliyozibwa mbele na kuacha wavu juu. Kesi moja inanifaa majira yote mawili, na sijaona nyingine inayofanya hivyo kirahisi kama hii. Mbele inachukua rejeta hadi 420, juu hadi 360, na feni tatu za 140 zinazokuja nayo zinafaa kuanzia. Ubaya wake ni mwili: karibu sentimita 55 kwenda juu na 28 upana, na uzito wa kuhitaji mikono ya watu wawili. Pima meza yako kabla hujapima mfuko wako.

Ya pili ni Meshify 2 ya Fractal Design, Wasweden, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ina ndugu anayewachanganya wanunuzi. Define 7, iliyotoka mwaka 2020, na Meshify 2 zina kiunzi kile kile. Zote zinachukua rejeta ya 360 mbele na hadi 420 juu, na zote zinakuja na feni tatu za 140. Tofauti iko usoni: Define 7 ina mlango uliozibwa wenye sponji, Meshify 2 ina wavu. Ukiuliza kesi tulivu popote, utatajiwa Define 7, na kwa nchi za baridi ni jibu sahihi. Kwa Tanga mimi nachukua Meshify 2. Ukipewa Define 7 kwa bei nzuri usiikatae, lakini rejeta iweke juu na ufungie kifuniko cha juu chenye matundu, ambacho kimo ndani ya boksi lake. Wengi hawakioni, kinabaki kwenye maboya ya kufungashia mpaka boksi linatupwa. Na ukitaka 420 juu, nunua RAM fupi, vile vibao vya kumbukumbu. Rejeta ya kawaida ina unene wa milimita 27 hadi 30, feni ni 25, kwa hiyo mzigo mzima unashuka milimita 52 hadi 55 kuelekea madabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Arctic Liquid Freezer III, mfumo wa maji uliofungwa kiwandani, ina rejeta ya milimita 38, jumla 63. RAM zenye mataji ya taa ndizo hugongana na mzigo huo.

Ya tatu, kwa mwenye bajeti ndogo, ni Lancool 216 ya Lian Li. Haina sponji hata kidogo, na bado naiweka juu ya kesi nyingi zenye sponji. Mbele ina feni mbili za milimita 160, nyuma moja ya 140, na juu inapokea rejeta ya 360. Feni ya 160 inasukuma hewa nyingi kwa mwendo mdogo, ndicho tunachokitafuta. Rejeta iweke juu, zile feni kubwa za mbele usizing'oe. Wale wanaopoza prosesa pekee kwa maji, na kadi ya picha wakaiacha na feni zake, hii inawafaa hata kuliko ya pili, kwa sababu kadi ya picha ndiyo inayopiga kelele zaidi na kesi hii inailisha hewa moja kwa moja.

O11 Dynamic, ya Lian Li pia, iliyotoka mwaka 2018, sijui niipe namba gani, na nasema hivyo kwa kuiheshimu. Inachukua rejeta tatu za 360: juu, chini na ubavuni. Ukijenga mfumo wako mwenyewe wa maji, wa pampu, tangi na mabomba ya kuunga, ukajaza feni tisa zinazozunguka mara 500 kwa dakika, utapata utulivu wa kweli. Lakini inakuja bila feni hata moja, kwa hiyo bei unayoiona si bei utakayolipa. Mbele na ubavuni ni kioo, na kioo hakimezi sauti. Kwa mfumo uliofungwa kiwandani wenye rejeta moja, hapana. Kwa mfumo wa kujenga mwenyewe, ipandishe iwe ya pili.

Corsair 4000D Airflow ni kesi nzuri na nyepesi, mbele inachukua 360, ila juu inaishia 280, na feni zake mbili utataka kuzibadilisha. Fractal North ina mbao halisi usoni na inapendeza sebuleni. Mbele ni 360, juu 240. Kwa kompyuta ya ofisini zote mbili zinatosha.

Kesi zisizo na jina, zenye kioo kizima mbele na taa za rangi, ziache dukani. Hewa inaingilia kwenye upenyo wa kidole, na bati lake ni jembamba. Gonga ubavu kwa kifundo cha kidole: bati zito linatoa mlio mfupi uliokufa, jembamba linalia kama sufuria tupu. Pampu ya maji hutikisika muda wote, na bati linalolia ukiligonga litalia na pampu pia. Hata kwenye kesi nzuri, pampu isifungwe skrubu moja kwa moja kwenye bati, iwekee mpira chini. Pampu ya D5 ya kurekebisha kwa mkono ina ngazi tano, na yangu inakaa ya pili.

Kwa mfumo uliofungwa kiwandani, hakikisha kesi inakuruhusu kuweka rejeta juu, au mbele huku kichwa cha rejeta kikiwa juu kuliko pampu. Hewa iliyomo kwenye maji hupanda, na ikikusanyika ndani ya pampu utasikia mkwaruzo kama mchanga kwenye birika. Kadiri miaka inavyokwenda maji hupungua kidogo kidogo kupitia mipira, kwa hiyo kosa la leo linasikika zaidi mwaka ujao.

Kuna jambo la pwani ambalo miongozo ya ughaibuni haigusi, nalo ni chumvi. Kesi yangu ya kwanza ilianza kutu kwenye vibati vya nyuma, pale kadi zinapotokea, kisha kwenye matundu ya skrubu, kila mahali bisibisi ilipokwangua rangi. Sikuwa nakaa Raskazone kando ya maji, ni Ngamiani katikati ya mji. Ukiwa dukani fungua ubavu, pitisha ukucha kwenye kingo za matundu, uone kama rangi imeingia mpaka ndani au bati liko uchi. Ukifika nyumbani paka vaselini nyembamba kwenye nyuzi za skrubu kabla ya kuzikaza.

Chujio la vumbi nalo lichomoke bila kusogeza kesi, kutokea mbele au pembeni. Vumbi la mtaani likichanganyika na unyevu wa chumvi halipeperuki kwa kupuliza, linashika kwenye nailoni kama unga uliolowa. Mimi hulitoa kila wiki mbili, nikaliosha kwa maji na sabuni, likaanikwa kivulini. Chujio la chini linalotokea nyuma hutaliosha, nakwambia kweli, maana kila mara itabidi uvute kesi nzima na nyaya zake.

Maji ya kujazia mfumo wa kujenga mwenyewe yawe yaliyokenekwa (distilled), na dawa yake ya kuzuia kutu na ukungu. Ya bomba yana madini, na ya mvua usiyajaribu pia. Wala usichanganye rejeta ya alumini na vipande vya shaba kwenye mfumo wa kujenga mwenyewe, zitalana.

Kuhusu kuagiza. Kesi utaipata Kariakoo ikasafirishwa kwa basi, au utaagiza nje. Ukiagiza kwa ndege, wasafirishaji wengi hutoza kwa ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000, wengine kwa 5,000. Boksi la 60 kwa 55 kwa 30 linahesabiwa kilo 16.5 kwa kigawanyo cha kwanza na 19.8 kwa cha pili, hata kama mizani inasoma 10. Uliza kigawanyo kabla hujalipa. Ikija kwa basi, mwombe muuzaji atoe kioo, akifunge peke yake kwa blanketi, kisha kisafirishwe kwa kusimama wima. Ukifika stendi kupokea, fungua hapo hapo mbele ya mhusika wa mizigo, shika kioo kwenye mwanga na utazame pembe zote nne. Kioo cha aina hii hakipati ufa mdogo ukavumilika. Pembe iliyomeguka leo ndiyo itakayokisambaratisha chote siku utakapokaza skrubu.