OpenMediaVault 7: seva ya nyumbani ya mpiga picha wa wanawake

Napiga picha na video za singo na kesha hapa Tanga, shughuli za wanawake peke yao. Wateja wangu wanavua mitandio mbele ya kamera yangu kwa sababu wananiamini, kwa hiyo picha zao sitaki zikae kwenye kompyuta ya mtu nisiyemjua. Ndiyo maana nilichukua kompyuta ya mezani iliyokuwa imelala stoo, nikaitia diski mbili za TB 4 na kuiwekea OpenMediaVault 7. Ni programu ya bure inayoigeuza kompyuta kuwa seva ya kuhifadhi mafaili, imejengwa juu ya Debian (aina ya Linux), na mipangilio karibu yote unaifanyia kwenye kivinjari. Huu ni mwezi wa nane naitumia.

Tenga diski ndogo ya mfumo peke yake, kwa sababu OpenMediaVault inaichukua yote. Mimi nimeipa SSD ya GB 120.

Kilichonisumbua mwanzoni ni saa. Niliiacha kwenye UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kisha nikapanga rsync, programu ya kunakili mafaili, inakili diski ya kwanza kwenda ya pili kila saa nane usiku. Kumbe ilikuwa inaanza saa kumi na moja alfajiri, na tukikaa kuhariri asubuhi bado inakokota mafaili. Nilipochagua Africa/Dar_es_Salaam, tatizo likaisha. Hapo hapo washa NTP, inayorekebisha saa kupitia intaneti: kompyuta ya zamani ambayo betri yake ya saa imekufa, umeme ukikatika inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Betri yenyewe, CR2032, nayo badilisha.

Halafu anwani ya seva kwenye mtandao (IP). Kila umeme ukirudi, mdogo wangu anayehariri video za nikaha upande wa wanaume ananiita, "Dada, seva siioni." Ruta ilikuwa imeipa namba nyingine. Nikaifunga kwenye 192.168.1.50, namba ambayo ruta haimgawii mtu. Hapa programu imenifurahisha: ukibadilisha kitu, hakifanyi kazi mpaka uthibitishe kwenye utepe unaotokea juu ya ukurasa. Unapata nafasi ya kusoma tena, maana tarakimu moja ikikosewa ukurasa huupati tena. Ikitokea, chomeka skrini na kibodi kwenye seva, andika omv-firstaid, upange mtandao upya.

Lakini sababu kubwa ya kubaki nayo ni ruhusa. Kila folda unaamua nani asome na kuandika, nani asome tu, nani asiingie kabisa. Folda ya nikaha mdogo wangu anaifungua na kuandika. Ya singo imefungwa kwake, na kwenye SMB, njia ya kufungua folda za seva kutoka kompyuta nyingine, nimeificha hata kwenye orodha isionekane. Wageni, yaani wanaoingia bila jina na nywila, nimewazuia kote. FTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili, sikuiwasha, na kwenye ruta sijafungua mlango wowote wa mtu kuingilia kutoka nje. Pia washa pipa la taka la SMB. Mwezi wa pili folda ya bibi harusi mmoja ilifutwa kwa bahati mbaya, tukaikuta humo nzima.

Kasi inategemea waya na milango yako ya kuchomekea waya wa mtandao. Kupitia mlango wa Mbps 100 wa ruta, GB 60 za harusi moja zilichukua saa moja na nusu. Niliponunua swichi ya gigabiti, dakika kama kumi.