TAHADHARI kwa wenye trekta ndogo: vyuma vya uzito vya zege na pini za nondo

Wakulima wenzangu, naomba msome hii kabla hamjamtumia mtu hela. Nina Kubota ndogo ya hp 24, mtumba wa Japani, nalimia mpunga huku Kilombero. Plau ya diski mbili ikinyanyuliwa na haidroliki mbele panakuwa pepesi kabisa, unakata kona usukani unazunguka tairi zinaserereka tu. Dawa yake ni vyuma vya uzito pale mbele, basi nikaanza kutafuta.

Nikampata muuzaji mtandaoni, picha safi, vyuma vinne vya kg 20 kila kimoja pamoja na seti ya pini za mikono ya haidroliki (ile miwili ya chini inayonyanyua plau) na toplinki (mkono wa tatu, wa juu katikati), jumla laki sita na nusu. Akawa ananiharakisha, kaka tuma yote saa hii fuso linaondoka saa kumi, risiti utaikuta ndani ya mzigo. Nikatuma. Risiti haikuwemo.

Tunashusha, chuma kimoja kikamponyoka mdogo wangu kikagonga jiwe, pembe ikameguka, ndani ZEGE. Zege jamani! Limevalishwa bati jembamba likapigwa rangi nyeusi. Tukavipeleka kwenye mizani ya mpunga, vyote vinne kg 37 badala ya 80. Napiga simu, kashaniblock.

Pini kwa macho zilikuwa nzuri, nikasema angalau hizi, tukafunga tukaingia shamba. Hapo ndo nilikosea, na hapo ndo paliponitisha kuliko hela yote iliyopotea. Siku ya pili plau ikakamata kisiki, pini ya kulia ikapinda ikachomoka, plau ikazunguka upande mmoja, dogo alikuwa anatembea nyuma na ilipotulia kulikuwa na hatua moja tu mpaka mguuni kwake. Nikaikwangua rangi kwa kisu nikaona alama za mikunjo ya nondo, imesagwa juu juu. Fundi kapima kwa venia (kipimo cha unene), mm 20. Trekta zetu hizi za daraja la 1 (daraja la ukubwa wa vifungio vya plau) pini za chini zinatakiwa mm 22 na ya toplinki mm 19, za daraja la 2 ni 28 na 25. Pini ikiwa nyembamba inacheza, inatanua tundu, na nondo haijatengenezwa kubeba mshtuko wa namna ile.

Kwenye mzigo aliweka pia ndoano ya tela akasema ifungwe pale pa toplinki. USIFUNGE hapo hata siku moja. Ukivutia juu ya ekseli ya nyuma trekta inanyanyuka mbele na kukupindukia mgongoni, tela linavutwa pale chini kwenye drobaa, kile chuma cha kuvutia nyuma ya trekta.

Akikwambia pia ujaze tairi za nyuma maji ya chumvi kuongeza uzito, bila tyubu, kataa, rimu italiwa na kutu. Maji ya kawaida yanatosha, valvu iwe juu, jaza mpaka usawa wake, kama robo tatu, sehemu iliyobaki iwe upepo.

Polisi nimeripoti. Nasikia jamaa anabadilisha laini na picha ni zilezile, vyuma vyeusi vimepangwa juu ya turubai la bluu. Ukiziona usitume hata mia, mwambie unalipia mzigo ukiwa juu ya mizani na nyundo mkononi, chuma cha kweli ukikigonga kinalia, zege linafanya dup tu.