Kona: nyota nne kati ya tano
Nimetazama tena mashindano ya dunia ya Ironman kule Kona, Hawaii: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180 katikati ya miamba myeusi ya volkano, kisha marathoni nzima juani. Yananisisimua kila mara. Mwaka 1982 Julie Moss alikuwa anaongoza upande wa wanawake, miguu ikamlegea, akapitwa mita chache tu kabla ya mwisho, akamaliza kwa kutambaa. Picha ile ya televisheni ndiyo iliyowavuta wengi kwenye triathloni, yaani mchezo huu wa kuogelea, baiskeli na kukimbia, nami nimo.

Nyota moja naiondoa kwa uchungu. Rafiki yangu amekataa kujaribu hata triathloni ile fupi, ya kuogelea mita 750. “Mimi siwezi kutambaa,” aliniambia. Na anaogelea vizuri kunishinda!