Nimejaribu ile tovuti ya majina ya watoto ya Marekani (mi naitwa Linda)

Nakaa Rau hapa Moshi, na shule ya msingi nimeisoma nikiitwa "Linda geti" kila mlinzi akienda kunywa chai, kwa hiyo nahisi nina haki ya kuongelea hii huduma.

Ni ukurasa wa majina kwenye tovuti ya SSA, yani wale wa hifadhi ya jamii Marekani. Bure, huombwi kujisajili, kwa simu yangu na bando la jero imefunguka vizuri tu. Unaandika jina, unachagua jinsia, inakuletea nafasi ya jina mwaka kwa mwaka, na rekodi zao zinaanzia 1880.

Nikaandika langu. Jamani! Mary kakaa namba moja tangu 1880 mpaka 1946 hatikisiki, halafu 1947 anatokea Linda anamng'oa na anakalia kiti mpaka 1952, na mwaka huo wa 1947 peke yake walizaliwa kina Linda karibu laki moja, yani hapo Mbuyuni sokoni ukiita "Linda" wanageuka mpaka wauza dagaa. Watu wanautaja wimbo ulioitwa Linda hivyohivyo, Jack Lawrence aliutunga akiwa jeshini kwa ajili ya binti mdogo wa wakili wake, na huyo binti ndo alikuja kuolewa na Paul McCartney wa Beatles. Ila ukiangalia miaka ya nyuma yake jina lilikuwa linapanda tayari, wimbo umelisukuma tu. Siku hizi halimo hata kwenye mia tano za juu. Kule Linda ni bibi! Nikampigia mama, aliyenipa hili jina kwa sababu eti lilikuwa la kisasa, kacheka mpaka nikasikia sufuria inaungua.

Kilichonikera ni tahajia, Lynda anahesabiwa jina jingine kabisa, ukitaka picha kamili ujumlishe mwenyewe. Na ukitafuta jina moja unapewa nafasi tu, idadi ya watoto ukaichimbe kwenye orodha nyingine. Jina lisipokuwa ndani ya elfu moja bora hupati kitu.

Nikajaribu Aika, hamna. Hilo ni la mama mkwe, mtu wa Machame, na kwa Wachaga binti wa kwanza anachukua jina la mama wa baba yake. Nilikuwa nalikwepa nikiona ni la wamama wa kwaya, lakini tangu Aika, yule mwanamuziki wa kundi la Navy Kenzo, ajulikane mi mwenyewe nalisikia tofauti, na kliniki juzi wameitwa Aika wawili, wote wachanga.

Nyota nne. Ya tano kaila Lynda. Najifungua mwezi wa saba, na mama mkwe kashaanza kulisalimia tumbo kwa jina lake.