Fundi wa injini za boti, Kilindoni

Yamaha yangu ya nguvu za farasi 40, niliyoitelekeza bandani miaka 6 hadi pistoni zikashikana na silinda kwa kutu, imeunguruma tena mikononi mwa fundi mmoja wa Kilindoni, kisiwani Mafia. Hakuvuta kamba kwa pupa, kama wafanyavyo wengi. Alifungua plagi zote mbili, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki, akaiacha siku 4, kisha akalizungusha gurudumu la juu kwa spana, kidogo kidogo, mbele na nyuma, mpaka likaachia. Kabureta aliisafisha vizuri. Hata hivyo, impela ya pampu ya maji aliirudisha ileile, mabawa yake ya mpira yakiwa yamekakamaa, nami niligundua hilo tulipokwisha kutoka bandarini, maji ya kupoozea yalipoacha kuchuruzika.