Fournier namba 1: pakiti ya karata niliyojifunzia Tute

Kama unataka kujifunza Tute, mchezo wa karata wa Wahispania, tafuta karata zao kabisa, usijaribu na hizi zenye malkia maana utachanganyikiwa tu. Pakiti ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya bei chee, kampuni siitaji, haikumaliza hata miezi miwili kona zikaanza kufumuka, na kwenye Tute karata ikishakuwa na alama mgongoni imekwisha, kila mtu anajua umeshika nini. Ndo nikahamia Fournier namba 1 na sijatoka tena. Hawa ni watu wa Vitoria-Gasteiz, kaskazini ya Hispania, wako kwenye kazi hii tangu 1868, na mji wenyewe una makumbusho ya karata, yako kwenye jumba la Bendaña.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni majina. Aina nne ni oros, copas, espadas na bastos, yaani dhahabu, vikombe, panga na magongo. Sasa sikiliza: oros ndo uru yetu, copas ndo kopa, espadas ndo shupaza! Sisi tuliyapata kwa Wareno pamoja na turufu, ila kwenye karata zetu za kopa unaona moyo, huku unaona kikombe kweli kabisa. Nilivyozishika mara ya kwanza nilikaa naziangalia tu.

Kitu kingine kizuri sana ni ule mstari wa fremu. Dhahabu mstari wake haujakatika, vikombe umekatika sehemu 1, panga 2, magongo 3, kwa hiyo unafungua karata mkononi kidogo tu ukingoni na tayari unajua una nini bila jirani kuchungulia. Angalieni hapo tu: kuna pakiti ya karata 50 na ya 40, Tute inataka 40, ukipata ile ya 50 toa nane zote, tisa zote na jokari mbili.

Haya, mchezo wenyewe. Mko wanne, wawili wawili, mwenzako anakaa mbele yako, kila mtu karata 10 na mnazunguka kwa kulia. Karata ya mwisho ya mgawaji inafunuliwa, hiyo ndo turufu. Kinachosumbua wageni ni kwamba baada ya ree (as) anayefuata kwa nguvu ni tatu, mfalme yuko chini yake! Ree pointi 11, tatu 10, mfalme 4, farasi (yule aliyepanda farasi) 3, sota (kijana, picha ya chini kabisa) 2, zilizobaki sifuri, jumla 120, na anayekula mzunguko wa mwisho anaongezewa 10. Lazima ufuate aina iliyotupwa, na kama unayo ya kuipiku lazima uipiku, huna aina hiyo unakata kwa turufu. Hakuna kuficha ficha, na mimi hapo ndo napapenda maana karata yako nzuri inaweza kulazimishwa kutoka wakati hutaki kabisa.

Halafu kuna kuimba. Ukiwa na mfalme na farasi wa aina moja, upande wenu ukishakula mzunguko unatangaza, unapata 20, na kama ni wa turufu unapata 40. Hiyo 40 inageuza mchezo mzima, mlikuwa mnapigwa mkaanza kupumua. Imeingia mpaka kwenye lugha, Mhispania akisema amemwimbia mtu arobaini maana yake amempa vidonge vyake. Ukikusanya wafalme wote 4 au farasi wote 4 hiyo ndo tute yenyewe na mkono umeshinda hapo hapo.

Kwenye pakiti hizi namba ziko kwenye kona, sota ni 10, farasi 11, mfalme 12, kwa hiyo hata asiyejua kutofautisha picha anacheza siku hiyo hiyo. Zinateleza vizuri kwenye kuchanga, hazigandani. Mimi naipa tano kwa tano. Na kama watoto wanataka kuingia, pakiti hiyo hiyo inacheza Brisca, karata 3 tu mkononi, pointi ni zile zile na hakuna kulazimishwa kufuata aina, waanzie hapo kisha muwavute kwenye Tute.