Maonyesho ya printi Kilimani: chukua moja moja, sanduku zima waachie wenye ofisi

Wacha nianze na bei juu najua ndio swali la kwanza. Printi moja, yaani picha iliyochongwa kisha ikachapwa kwa karatasi, ni shilingi 7,000, sanduku zima lenye printi za wasanii 14 ni 85,000, kuingia ni bure na M-Pesa wanachukua. Kwangu mimi hiyo ya moja moja ni bei poa sana, sanduku ni la mwenye kampuni ama mtu ashamaliza kulipia shamba.

Sasa venye iko ni hivi. Wasanii wenyewe ndio waliitana, hakuna galari iliwatuma, wengine wako hapa Nairobi wengine Mexico, Afrika Kusini, Ujerumani na Japani, alafu makyureta wawili, mmoja wa huku mmoja wa kule, wakaingia kusaidia kupanga. Kila msanii alichonga kazi yake kwake, akachapa nakala 20 zinazofanana, akamtumia mmoja wao anayekusanya. Nakala 14 wakagawana wao kwa wao, yaani kila mtu amepata kazi moja ya kila mwenzake, zikabaki seti 6: moja iko ukutani, tatu zinauzwa zikiwa sanduku, mbili zimefunguliwa ziuzwe moja moja. Piga hesabu, hiyo ni nakala mbili tu za kila picha kwa sisi wa mfuko mdogo, kwa hivyo usije mwisho wa mwezi ukishangaa kuona vidoti vyekundu vya kuonyesha imeuzwa kila mahali. Na mpango kama huu unawezekana na printi juu ni karatasi, unaiviringisha ndani ya tyubu unatuma na posta, hebu jaribu kuleta sanamu ya chuma kutoka Mexico uone forodha watakuambia nini.

Wasee wengine wanaongea kama wasanii kujipanga wenyewe ni kitu kipya Nairobi na si kipya. Kuona, kituo cha wasanii, ilianza 1995 pale Makumbusho ya Taifa ikiwa ndani ya mtandao wa wasanii wa Triangle, ule uliozaliwa 1982 huko jimbo la New York wakati mchongaji Anthony Caro na Robert Loder waliita wasanii wakae pamoja siku kadhaa wakifanya kazi tu, hakuna kuuza. Alafu juzi juzi, 2022, kundi la wasanii la Wajukuu kutoka mtaa wa Mukuru walienda documenta, maonyesho makubwa ya sanaa huko Kassel, Ujerumani, na waliokuwa wanasimamia hiyo documenta ni ruangrupa, kundi la wasanii wa Jakarta, Wajukuu wakarudi nyumbani na tuzo ya Arnold Bode. Ndio maana mtu akiniambia ati wasanii hawawezi kujiendesha bila kuletewa meneja, mimi hucheka tu.

Kwa mpangilio makyureta wamefanya vizuri. Hawakuweka ukuta wa Kenya, ukuta wa Mexico, ukuta wa Japani kama stendi za maonyesho ya utalii, wamepanga kwa njia ya kuchapa: lino, ile ya kutandika sakafu ambayo huchongeka, peke yake, mbao peke yake, bamba la chuma peke yake. Hapo unaona vile lino ya jamaa wa Johannesburg, nyeusi tii na mistari minene, inaongea na za wasanii wetu, na ukijua ile historia ya kituo cha sanaa cha Rorke's Drift huko KwaZulu-Natal, kilianza 1962 na kikatoa wachapaji kama Azaria Mbatha na John Muafangejo, basi unaelewa huo mkono umetoka wapi. Na kama umezoea printi za matatu za Dennis Muraguri ama maisha ya usiku ya Thom Ogonga utajisikia nyumbani kabisa kwa ukuta wa mbao.

Iliyonishika ni moja ya soko la Gikomba, imechongwa kwa plaiwudi ya kawaida. Mama anafungua beli ya mitumba, nyuma yake kuna kibao cha duka, na anga hakulichonga kabisa, ameacha ile mistari ya mbao yenyewe ichukue wino ikawa mawingu. Kando ya printi wameweka ule ubao wenyewe, umekauka wino mweusi, na ukiangalia kibao cha duka herufi zote ziko kinyume, maana ukichapa kila kitu kinageuka. Kuna katoto kalikuwa hapo kanauliza babake mbona wameandika vibaya, babake naye akakosa jibu. Kuweka hizi mbao hapo ndio akili kubwa ya maonyesho yote, afadhali hata kuliko ile insha yao ya ukutani, Kiingereza cha mita mbili ambacho hakuna mtu nilimuona akimaliza.

Malalamiko ninayo. Lebo zina jina na nchi basi, haziandiki ni lino ama ni bamba, na wengi wetu tumekuja kujua hiyo. Karatasi ya bei iko kwa dola, nyinyi mko Kilimani jameni. Na kioo cha zile fremu za karibu na dirisha kinang'aa mpaka unaona uso wako badala ya kazi. Sanduku lenyewe limefunikwa kitambaa cha kijivu na ndani kuna karatasi laini kati ya kila printi, hiyo safi, lakini kifuniko kimebana hadi kukifungua unaogopa utararua kitu.

Kila printi imeandikwa ni nakala ya ngapi kati ya 20, nikamuuliza dada wa mezani kama 4/20 ni ghali kuliko 17/20. Akaniambia, "Hapana kaka, bei ni moja, hiyo ni namba tu, zote ametia sahihi mwenyewe." Kwa lino na mbao ako sawa kabisa. Lakini kuna moja pale ya bamba lililokwaruzwa na sindano, na hizo ukichapa chapa ule ukingo laini wa mkwaruzo hulala na mstari unapoteza ule weusi wake, hapo mimi ningeitisha namba ya chini. Hawakuwa wanasema hiyo mpaka uulize.

Jumamosi kuna kipindi cha kuchapa, 1,500 na vifaa vyote, na hapo ndipo pesa yangu ilienda vizuri kuliko zote. Wanakupasulia kipande cha lino, unakiweka juani kidogo kilainike, unachonga ukisukuma kisu mbali na mkono ule mwingine, alafu unapaka wino na rola juu ya kioo mpaka usikie inatoa sauti kama kitunguu kikianza kukaangwa, hapo ndio wino umefika. Mashini ni moja na foleni ni ndefu, ukichoka kungoja wanakupa mwiko wa mbao unasugua nyuma ya karatasi kwa mkono, na kusema ukweli yangu ya mwiko ilitoka nzuri kushinda ya mashini. Shida ni visu, vingi ni butu, na kisu butu ndicho huteleza kikakukata. Kama uko na chako beba.

Ukinunua, fundi wa fremu mwambie mapema asiweke gundi nyuma ya karatasi, ashike tu juu na vipande viwili vya karatasi na atumie kadibodi isiyo na asidi, juu wengine wanabandika kwa boksi la kawaida na baada ya muda printi inageuka rangi ya chai. Na ya Gikomba, nikitoka ilikuwa imebaki moja.